Dazeni Moja kwa Ekari

Mwaka 1869 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyokataza kuua mbegu na kuzipaka rangi. Leo inachekesha kuisoma, lakini walioitunga walikuwa wamechoka. Wauza mbegu walikuwa na mtindo wao: wanachukua mbegu za bei ya chini zinazofanana na za tanipu, wanazipasha moto mpaka zife, kisha wanazichanganya na mbegu nzuri na kuuza gunia zima kwa bei ya juu. Kwa nini waziue kwanza? Kwa sababu mbegu hai ingeota, na ikiota ingewaumbua. Mkulima angeona shambani mmea ambao hakuununua. Mbegu mfu haina ushahidi. Mkulima ataona mapengo tu kwenye mistari, na lawama atazipeleka kwa mvua, kwa udongo au kwa ndege.

Mwaka huohuo, katika mji mdogo wa Tharandt huko Saxony, Ujerumani, Friedrich Nobbe alifungua kituo cha kwanza duniani cha kupima mbegu. Miaka miwili baadaye Copenhagen nayo ikawa na chake. Vifaa vilikuwa vichache: lenzi, koleo dogo, mizani na sehemu yenye unyevu ya kuoteshea. Maswali nayo yalikuwa matatu tu. Je, hii ni mbegu ya zao lililoandikwa kwenye gunia? Imechanganywa na takataka kiasi gani? Na kati ya mbegu mia, zitaota ngapi? Mwaka 1876 Nobbe alitoa kitabu kinene kuhusu elimu ya mbegu, na vituo vya mfano wa kile cha kwake vikaenea Ulaya na Marekani.

Maswali hayo matatu yalitosha kumnasa tapeli. Hayakutosha kwa balaa la namna nyingine, ambalo muuzaji mwenyewe hana habari nalo: mbegu ya kweli, safi, inayoota vizuri kabisa, na iliyobeba ugonjwa. Hapo kuota siyo ushahidi wa uzuri. Mbegu mgonjwa iliyokufa ni hasara ya shimo moja. Iliyoota ndiyo ya kuogopwa.

Kabla ya kuutafuta ugonjwa huo, ilibidi kwanza wataalamu wakubaliane kwamba upo. Thomas Burrill wa Illinois alianza mwaka 1878 kueleza kwamba ugonjwa unaounguza matawi ya mipea unaletwa na bakteria. Wengi Ulaya hawakushawishika. Bakteria walijulikana kuwa ni wa kimeta na kifua kikuu, maradhi ya damu na mapafu. Mmea una utomvu mchachu na kuta ngumu za seli, wangeingiaje? Mwaka 1897 Alfred Fischer, profesa wa Leipzig, aliandika katika kitabu chake cha bakteria kwamba ushahidi wa magonjwa ya mimea yaletwayo na viumbe hao haukuwepo, na kwamba waliodai kuuona walikuwa wameona wavamizi wa tishu zilizokwisha kufa.

Aliyejibu alikuwa Erwin F. Smith, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, mtu asiyejua kuacha ugomvi nusu. Mwaka huo wa 1897 Smith alikuwa ameshaeleza bakteria wa baka la maharage, na alikuwa akiufanyia kazi uozo mweusi wa kabichi. Malumbano yao yalichukua miaka minne, makala kwa makala, na Smith akimwaga picha na majaribio hadi 1901, Fischer alipobaki hana la kusema. Ninaposoma habari za ugomvi huu huwa namwonea Fischer huruma kidogo. Alikuwa amekosea, lakini swali lake lilikuwa zuri, kwa maana lilimlazimisha Smith kuonyesha hatua kwa hatua: mtoe bakteria kwenye mmea mgonjwa, mkuze peke yake, mrudishe kwenye mmea mzima, uone ugonjwa uleule. Hatua hizo ndizo zitakazokuja kuwa roho ya kipimo cha mbegu.

Mwaka 1904, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Geneva, jimbo la New York, watafiti watatu, Harding, Stewart na Prucha, walithibitisha jambo ambalo wakulima wa kabichi walikuwa wakilishuku. Bakteria wa uozo mweusi wanabaki hai juu ya mbegu kavu kwa miezi mingi, muda wa kutosha kutoka mavuno hadi kupanda. Mkulima anayejua kabichi anaujua ugonjwa huu. Unaanza pembeni mwa jani, manjano yenye umbo la V inayoelekea ndani, na mishipa ya jani inageuka myeusi. Huko pembeni kuna vitundu vidogo ambamo jani hutoa matone alfajiri. Jua likichomoza, tone linavutwa tena ndani, na bakteria aliyekuwa akiogelea humo anaingia nalo.

Kwa kabichi ilipatikana tiba isiyohitaji kipimo. Mbegu zikitiwa katika maji ya nyuzijoto 50 kwa dakika 25 hadi 30, bakteria wengi wanakufa na mbegu nyingi zinapona. Inataka mkono mtulivu na kipimajoto cha kuaminika, kwa sababu ukizidisha unazika mbegu, na ukipunguza unamkogesha bakteria tu. Miaka ya 1920 mbinu hii ilienea Marekani, na mpaka leo inafundishwa.

Kwa maharage haikufaa. Haragwe ni nene. Likinyonya maji moto linavimba, ngozi inapasuka, na kiini kinaiva. Bakteria aliyejibanza chini ya ngozi ya haragwe hafikiki kirahisi kwa moto wala kwa dawa. Hapo zilibaki njia mbili: kumkimbia au kumtafuta.

Kwanza walimkimbia. Mwaka 1926 Walter Burkholder wa Chuo Kikuu cha Cornell alieleza ugonjwa mpya wa maharage: doa dogo kwenye jani, lililozungukwa na duara pana la rangi ya manjano iliyopauka. Kwa Kiingereza uliitwa kwa jina la lile duara, halo, na hapa tutauita hivyo. Duara ni kazi ya sumu ambayo bakteria anaitoa na inayosambaa kwenye jani kuliko anavyosambaa yeye mwenyewe. Kwenye ganda la haragwe doa lina sura nyingine: ni la kijani kibichi kilichokolea, linang'aa kwa unyevu, kama mtu kadondosha tone la mafuta ya kupikia. Waholanzi wameupa ugonjwa huu jina la doa la mafuta. Unapenda ubaridi wenye mvua. Kwenye joto kali duara halionekani vizuri na ugonjwa unapoa.

Wauza mbegu wa Marekani walikuwa tayari wamegundua kuwa mbegu za maharage zilizokuzwa mashariki, kwenye mvua za New York na Michigan, zinabeba mabaka, na zilizokuzwa magharibi kwenye ukame hazibebi, au zinabeba kidogo. Biashara ikahamia Idaho, kwenye bonde la mto Snake, ambako kiangazi hakinyeshi na maji yanaletwa kwa mifereji hadi kwenye shina. Bakteria hawa hurushwa na matone ya mvua kutoka jani hadi jani. Pasipo matone, hawana usafiri. Kwa miongo kadhaa jina la Idaho kwenye gunia la maharage lilitosha kuwa cheti.

Miaka ya 1960 ugonjwa wa halo ulizuka Idaho kwenyewe. Kwa watu walioamini ukame wao, lilikuwa pigo. Mwaka 1965 J. W. Guthrie na wenzake wa huko walitangaza njia ya kuwabaini bakteria hao kwenye mbegu kwa kutumia seramu, yaani kingamwili za sungura aliyedungwa bakteria hao, zinazowashika na kuwagandisha pamoja. Jimbo lilikaza kanuni: mashamba kukaguliwa, na shamba lenye ugonjwa kuharibiwa.

Huko Wisconsin, kwenye ubaridi na mvua, J. C. Walker na P. N. Patel walikuwa wameuliza swali ambalo mpaka wakati huo hakuna aliyelipatia jibu la tarakimu. Inatakiwa mbegu ngapi mbaya kuangamiza shamba? Walipanda, wakaacha mvua na upepo vifanye kazi yake, wakahesabu. Jibu lao, lililotoka mwaka 1964, lilikuwa kama dazeni moja kwa ekari, zikiwa zimetawanyika vizuri na hali ya hewa ikiruhusu. Kwa hesabu ya mbegu hiyo ni kama moja katika 16,000.

Tarakimu hiyo ndiyo iliyogeuza kazi yote. Chukua gunia ambalo mbegu moja katika 10,000 ina bakteria. Ukipima mbegu 100, kama wanavyofanya wanaopima kuota, karibu kila mara utaambiwa gunia ni zima. Ukipima 1,000, nafasi ya kuikuta hata moja haifiki kumi kwa mia. Ili upate uhakika wa asilimia 95 unahitaji mbegu 30,000. Hizo za kabichi zinaenea kwenye kikombe na kubaki nafasi. Za maharage ni kilo kumi hivi, na mbegu uliyoisaga au kuiloweka kwa kipimo huiuzi tena. Kwa hiyo kila mpima mbegu tangu wakati huo ana mabwana wawili: bakteria anayetaka sampuli kubwa, na mwenye mali anayetaka ndogo. Na hata baada ya 30,000, kinachoandikwa kwenye cheti ni kwamba bakteria hakuonekana. Kusema hayupo ni jambo jingine, na sijaona maabara makini inayoliandika.

Kwa upande wa kuvu kazi ilikwenda haraka zaidi. Kuvu ana ustaarabu wa kujionyesha. Mbegu ikilazwa juu ya karatasi yenye unyevu, baada ya siku chache nyuzi zinachomoza na vijimbegu vyake vinaonekana kwa lenzi, kila aina na umbo lake. Lucie Doyer wa Wageningen, Uholanzi, alikusanya ujuzi huo katika kitabu cha mwongozo mwaka 1938, kilichotolewa na Chama cha Kimataifa cha Upimaji Mbegu, chama kilichoundwa Cambridge mwaka 1924. Paul Neergaard, Mdenmark ambaye pia alikuwa bingwa wa lugha ya Kiesperanto, alifungua mwaka 1967 taasisi ya magonjwa ya mbegu mjini Copenhagen mahususi kwa nchi zinazoendelea, na waliopita mikononi mwake wakarudi makwao Asia na Afrika kufungua maabara. Lakini bakteria juu ya karatasi ni utelezi tu. Utelezi wa bakteria muuaji na wa yule asiye na madhara ni uleule kwa macho.

Mwaka 1967 Mwingereza A. L. Wharton aliona kitu cha kuvutia: mbegu nyeupe za maharage zenye ugonjwa wa halo, zikiwekwa gizani chini ya taa ya urujuanimno, baadhi hutoa mwanga wa bluu-nyeupe. Mpimaji angeweza kumulika trei nzima na kuziokota. Tatizo liko kwenye neno nyeupe. Haragwe jekundu, la njano au la madoadoa halisemi kitu chini ya taa hiyo, na sisi huku maharage yetu ni ya rangi.

Aliyeshika kazi hiyo na kuifikisha mbali alikuwa John Taylor, katika kituo cha taifa cha utafiti wa mboga huko Wellesbourne, Uingereza. Njia aliyoieleza mwaka 1970 inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa vipimo vingi vya leo ni watoto wake.

Mbegu hazipimwi moja moja. Zinagawanywa katika mafungu, mengine makubwa, mengine madogo, na kila fungu linawekwa katika maji safi yasiyo na vijidudu. Bakteria walioko kwenye ngozi na chini yake wanatoka na kuogelea. Maji yanageuka ukungu. Mpimaji anachukua tone, analipunguza nguvu mara kumi, mara mia, mara elfu, na kulipaka juu ya chakula kilichogandishwa kwenye visahani. Baada ya siku tatu au nne visahani vinajaa madoa ya makundi ya bakteria. Sasa taa inawashwa tena, ila safari hii haimuliki mbegu, inamulika visahani. Jamaa wa bakteria wa halo wana rangi inayong'aa bluu kwenye chakula hicho. Lakini jamaa hao ni wengi, na wengi wao hawana hatia yoyote. Kwa hiyo mpimaji anaokota kila anayemshuku na kumdunga kwa sindano kwenye ganda bichi la haragwe au kwenye mche mchanga. Anasubiri. Doa la mafuta likitokea, kesi imekwisha. Smith angekitambua kipimo hicho mara moja, maana ni hatua zake zilezile za kumjibu Fischer.

Ujanja wa Taylor ulikuwa kwenye mafungu. Kwa kuhesabu mafungu mangapi ya kila ukubwa yana bakteria, angeweza kukisia kwa hesabu za uwezekano ni mbegu ngapi katika gunia zima zimeambukizwa, bila kuzigusa zote. Baadaye, kusini mwa Marekani, Norman Schaad na wenzake walifanya kazi ya namna hiyo kwa kabichi. Mwaka 1980 walionyesha kwamba mbegu chache tu zenye uozo mweusi katika 10,000 zinaweza kuzua mlipuko kwenye vitalu vya miche, na kiwango kilichoshikwa kwa mbegu za vitalu hivyo kikawa sifuri katika 30,000.

Kama maharage ndiyo yaliyozaa hesabu, matikiti maji ndiyo yaliyoleta mawakili. Bakteria anayejulikana zaidi kwa jina la Acidovorax citrulli alionekana mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1960, kwenye miche iliyooteshwa Georgia kutokana na mbegu za akiba ya taifa ya Marekani. Aliandikwa, akawekwa kwenye kumbukumbu, akasahauliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alizuka visiwa vya Guam na Tinian katika Pasifiki. Mwaka 1989 akafika mashamba ya biashara ya Florida, kisha South Carolina, Indiana na kwingineko.

Ukatili wake uko kwenye muda. Mche unaweza kuwa na doa dogo tu la maji kwenye majani yake ya kwanza, doa ambalo mtu wa kitalu mwenye miche laki kadhaa halioni. Kitalu chenyewe ni mahali pa raha kwake: joto, unyevu, na maji yanayomwagwa kutoka juu. Shambani mmea unatambaa vizuri, unatoa maua, unazaa. Kisha, wiki chache kabla ya mavuno, mgongo wa tikiti unatoka baka la kijani cha zeituni, linatanuka hadi kufunika upande wa juu, ganda linapasuka, utomvu unachuruzika. Wakati huo mkulima ameshalipa mbegu, mbolea, maji, vibarua na mkopo. Kwenye mashamba yaliyopatwa vibaya karibu matunda yote hayakuuzika.

Mwaka 1994 ugonjwa ulikuwa umeenea majimbo mengi, na wakulima wakaenda mahakamani dhidi ya waliowauzia mbegu. Hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba baadhi ya wauzaji walisimamisha kabisa mauzo ya mbegu za matikiti sehemu za Marekani, na waliporudi walimtaka mnunuzi asaini karatasi kwanza kwamba anajua hatari na hatadai fidia. Nadhani hapa ndipo mtu anaona kipimo cha mbegu kilivyo hasa. Kwa miaka mia na ushee kilikuwa kinga ya mkulima dhidi ya muuzaji. Ghafla kikawa pia kinga ya muuzaji dhidi ya mkulima, na pesa za utafiti zikamiminika kuliko wakati wowote.

Kipimo kilichokuwepo kilikuwa kuotesha: mbegu 10,000 hadi 30,000 za kila shehena zinapandwa kwenye nyumba ya kioo yenye joto na unyevu, na wakaguzi wanapita trei kwa trei wakitafuta yale madoa ya maji. Kinachukua wiki kadhaa na nafasi kubwa, na mbegu za chotara zilizochavushwa kwa mkono, ua kwa ua, si za kuchezea. Mwaka 2000 Ron Walcott na Ron Gitaitis wa Chuo Kikuu cha Georgia walitoa njia ya kuvua. Vishanga vya sumaku vidogo mno vinapakwa kingamwili zinazomshika bakteria huyu peke yake, vinatumbukizwa kwenye maji yaliyolowekewa mbegu, kisha sumaku inawekwa ubavuni mwa chupa. Vishanga vinavutwa na bakteria wamening'inia humo; takataka na bakteria wengine wanamwagwa. Kilichobaki kinapelekwa kwenye kipimo cha PCR, kilekile ambacho wakati wa Uviko kilitusumbua puani, kinachorudufu kipande cha vinasaba mara mamilioni mpaka kionekane.

Miaka mitatu baadaye Walcott na wenzake walieleza kwa nini macho yalikuwa yakidanganywa muda wote. Walidondoshea bakteria kwenye maua ya tikiti. Matunda yalikua mazuri, bila baka. Mbegu zake zilikuwa na bakteria ndani. Anayekagua shamba la mbegu na kukataa matunda yenye mabaka amefanya kazi nusu. Na kwa wanaodhani muda utawasaidia: mwaka 2008 watafiti wa Iowa waliripoti kuwakuta bakteria hao hai, wakiambukiza miche, katika mbegu za melon zilizohifadhiwa miaka 34 na za tikiti miaka 40.

PCR ilikuwa imeshafika kwa maharage pia. Mwaka 1993 kundi lililomjumuisha Schaad lilitangaza kipimo kinachotafuta kipande cha vinasaba cha kutengenezea ile sumu ya duara la manjano. Ilikuwa akili nzuri: sumu ile ni alama ya bakteria huyo, basi tafuta kiwanda chake. Ilibaki hitilafu moja, kwamba vinasaba vya bakteria mfu navyo vinajibu, na mbegu iliyotibiwa inaweza kuhukumiwa bure. Mwaka 1995 wakaongeza hatua ya kuwalisha kwanza bakteria kwenye kisahani, kwa kuwa aliye hai peke yake ndiye anayeongezeka. Kipimo cha siku nyingi kikawa cha siku chache.

Kisha ikaja Uhispania. Maharage ya Castilla y León yalikuwa yakiugua, na mbegu zilikuwa zikipimwa na kuonekana safi. Mwaka 2003 Arantza Rico na wenzake walieleza sababu. Sehemu kubwa ya bakteria wa halo katika eneo hilo hawatengenezi sumu kabisa na hawana kile kipande cha vinasaba. Wanatoa doa la mafuta bila duara. Kipimo kilikuwa kikiwauliza kitu ambacho hawakuwa nacho, nao wakapita. Sindano ya kizamani ya Taylor kwenye ganda bichi ingewakamata, maana yenyewe haiulizi bakteria ana nini. Inauliza anafanya nini.

Taylor mwenyewe alikuwa na biashara nyingine na Afrika. Arusha na viunga vyake, kwenye ubaridi wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro, kwa miaka mingi wamekuwa wakizalisha mbegu za maharage kwa ajili ya Ulaya, Uholanzi hasa. Mbegu zinazopandwa bustani za Waingereza zinaweza kuwa zilikomaa Tanzania, na bakteria haulizwi pasipoti. Taylor na Dawn Teverson, pamoja na David Allen aliyekuwa na kituo chake Arusha, walikusanya bakteria wa halo kutoka Tanzania, Rwanda, Burundi, Ethiopia na kwingine, wakawajaribu kwenye aina nane za maharage. Mwaka 1996 walitangaza kwamba kuna mbari tisa. Marekani kwa miaka mingi ilijua mbili. Afrika Mashariki ilikuwa na mkusanyiko mkubwa kuliko waliotarajia, pamoja na mbari ambazo chimbuko lake linaonekana kuwa huku. Katika zile aina nane, iliyougua mbele ya mbari zote ilikuwa Canadian Wonder, haragwe jekundu linalofahamika vizuri kwenye masoko ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Na bakteria mmoja aliyetoka Ethiopia mwaka 1985, aliyepewa namba 1448A, ndiye ambaye vinasaba vyake vyote vilisomwa na kuchapishwa mwaka 2005. Maabara za dunia nzima zinamtumia.

Mtanzania R. B. Mabagala ndiye aliyeuliza swali ambalo cheti cha mbegu hakiwezi kulijibu. Akifanya kazi na A. W. Saettler wa Michigan, mmoja wa wahariri wa kitabu cha mwaka 1989 kuhusu kubaini bakteria kwenye mbegu, alipita kwenye mashamba ya kaskazini mwa Tanzania akichunguza magugu. Wakamkuta bakteria wa halo kwenye Neonotonia wightii, mtambaa wa porini wa jamii ya kunde, unaosokota kwenye ua na vichaka kando ya mashamba. Matokeo yalitoka mwaka 1992. Mkulima anaweza kununua mbegu iliyopimwa kwa 30,000, akaipanda, na mvua ya kwanza ikamletea ugonjwa kutoka kwenye uzio wake mwenyewe. Idaho hawakuwa na tatizo hilo.

Mabagala baadaye alikuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ambako kwa msaada wa Wadenmark, warithi wa kazi ya Neergaard, kilianzishwa Kituo cha Afrika cha Afya ya Mbegu. Morogoro hiyohiyo ndiko yaliko makao ya TOSCI, taasisi inayothibitisha mbegu Tanzania. Kenya kazi hiyo iko kwa KEPHIS. Lakini sehemu kubwa ya maharage yanayopandwa Mbeya, Kagera, Kigezi au Burundi haijawahi kuona mlango wa maabara. Inatoka kwenye debe la mwaka jana, au kwa jirani, au sokoni. Inachambuliwa juu ya ungo kabla ya kupanda, na mikono inayochambua inajua kazi: haragwe lililosinyaa linatupwa, lenye ngozi iliyokunjamana au yenye baka la njano linatupwa. Uchambuzi huo unaondoa mbegu nyingi mbaya. Zinazobaki ni zile zilizoambukizwa na kukaa nzuri, na dazeni yake inatosha ekari.

Katika kazi hiyohiyo ya kaskazini mwa Tanzania, Mabagala na Saettler walipanda maharage peke yake na mengine katikati ya mahindi, wakahesabu bakteria kwenye majani. Kwenye mahindi ugonjwa ulikuwa mdogo zaidi. Wakulima wa huko walikuwa wakichanganya tangu zamani, kwa sababu eneo ni dogo na watoto wanakula vyote viwili.